Bumu langu linalisha nyumbani, sasa nina sapu tatu na mdogo wangu anajaziwa fomu ya mkopo

BARUA

Shikamoo anti, pole na majukumu. Naomba usitoe jina langu wala la chuo, maana kuna watu wa darasani kwetu wanasoma hii safu na wakiunganisha tu kidogo watanijua.

Mimi ni binti wa miaka 22, nimemaliza mwaka wa pili digrii ya uhasibu, chuo kiko Dar, nyumbani ni Mbeya, kule kwenye mpunga. Ndo mtoto wa kwanza. Nyuma yangu kuna mdogo wangu wa kiume kamaliza kidato cha sita mwaka huu, na wawili wengine bado wako shule. Baba aliondoka nikiwa darasa la tano, yuko hai, ana familia nyingine mji mwingine, hajawahi kutuma hata hela ya daftari. Mama ndo kila kitu, anafanya vibarua vya kupanda na kuvuna na akipata nafasi anakodi kashamba analima mwenyewe.

Nina mkopo wa Bodi ya Mikopo. Ada naambiwa inaenda chuo moja kwa moja mimi siioni, ninachokiona ni bumu, yaani hela ya kujikimu, nikisaini la siku sitini inaingia laki sita. Sasa anti, bumu la kwanza kabisa nilipolipata nilifurahi mno nikamtumia mama 350,000, nilitaka tu aone kwamba mtoto wake kafika. Mama alilia kwenye simu. Basi ikawa ndo hivyo, kila likitoka natuma 350,000, sijawahi kuruka hata mara moja, na mimi nabaki na kinachobaki, kodi ya geto nachangia na wenzangu wawili, nauli, kula, kutoa kopi. Haikutosha, kwa hiyo tangu mwaka wa pili uanze nakaa kwenye kibanda cha wakala wa miamala kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku, kuna siku mpaka saa tano. Asubuhi nasinzia darasani au sijafika kabisa.

Matokeo yalipotoka nina sapu tatu, yaani mitihani ya marudio. Takwimu, gharama na sheria ya biashara. Mwaka wa kwanza nilikuwa na B nyingi tu. Nilikaa chooni nikashindwa kutoka. Mama alipopiga kuuliza nikamwambia nimefaulu zote, sijui kwa nini, ilitoka tu. Akaenda kusimulia kanisani.

Sapu ni wiki ya tatu ya Septemba. Sasa hivi niko fildi mchana, mafunzo kwa vitendo, jioni kibandani, sijafungua daftari hata moja. Nimeambiwa nikifeli zote tatu narudia mwaka na anayerudia mwaka halipwi. Rafiki yangu ananishauri niahirishe mwaka, nikae nje nifanye kazi nikusanye hela halafu nirudi nimetulia. Nashindwa kufanya hivyo pia kwa sababu mama mwaka jana alikopa milioni moja kwenye kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa, akakodi shamba, maji hayakufika vizuri, mavuno yakawa ya kula tu, na dhamana aliyowaambia wenzake ni kwamba binti yangu yuko chuo kikuu anapata hela ya serikali. Bado anadaiwa laki sita. Kwa hiyo lile bumu nisipotuma wanakuja kuchukua vitu.

Halafu kuna la mdogo wangu. Yuko JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, hana simu, kwa hiyo mimi ndo namjazia fomu ya mkopo na dirisha linafungwa mwisho wa mwezi huu wa nane. Mimi kipindi changu niliandika ukweli kwamba baba yupo, na orodha za kwanza zote sikuwemo, nilikuja kupata kwenye rufaa baada ya kuongeza barua ya wale waliokuwa wananilipia sekondari ambayo mwanzo sikuiweka. Nyumbani wote wanaamini nilikosa mwanzoni kwa sababu nilisema baba yupo. Sasa baba mdogo anasema safari hii tuandike baba alifariki, cheti cha kifo atakipata kuna mtu anamjua, na yeye ndo atakuwa mdhamini kwa hiyo anaongea kama mwenye fomu. Mama amekaa kimya, hajasema ndiyo hajasema hapana. Mimi naogopa, ila nikikataa na mdogo wangu akakosa, nitaishi vipi na hilo?

Anti nimechoka. Nimwambie mama ukweli au nipambane kimya kimya mpaka sapu ipite? Niahirishe? Na fomu nifanyeje? Nisaidie kama mwanao.

Binti wa Kwanza, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza haraka haraka, mara ya pili nikachukua karatasi nikaanza kuandika namba pembeni, na kabla sijasema lolote nataka nikuoneshe hizo namba, kwa sababu nadhani hujawahi kukaa ukaziangalia.

Laki sita ya siku sitini ni elfu kumi kwa siku. Ukitoa 350,000 unabaki na 250,000, gawa kwa siku sitini, ni kama elfu nne na mia moja na kitu kwa siku. Hiyo ndo kodi, nauli ya Dar, kula, kopi, sabuni, vocha, kila kitu. Mwanangu, umeishi hivyo miaka miwili. Sapu zako zina sababu na sababu hiyo haiko kichwani mwako, mtu aliyekuwa na B mwaka wa kwanza akili yake haijaondoka, imelala njaa na imekosa usingizi. Nimeanza na hili kwa sababu kwenye barua yako nzima hakuna mahali ulipojionea huruma hata mstari mmoja, umemwonea huruma mama, mdogo wako, hata watu wa kikoba.

Namba ya pili. Kama bumu linatoka mara nne kwa mwaka na hujaruka hata moja, umeshatuma nyumbani kama 2,800,000. Hiyo hela nyumbani wanaiita hela ya serikali, na hata wewe ulipolipata lile la kwanza uliliona kama ushindi wa kugawana. Ila jina lililoandikwa kwenye deni ni lako peke yako. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikaanza kazi Julai 2005, na tangu mwanzo hela yake ni ya kukopesha. Ukija kuajiriwa, kwa sheria ya sasa mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi mpaka deni liishe. Bahati nzuri ile asilimia 6 ya kutunza thamani iliyokuwa inafanya madeni ya kaka na dada zako yavimbe ilifutwa mwaka 2021, lakini deni lenyewe lipo palepale, na halifutiki kwa sababu mtu hakumaliza chuo. Aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuo kwa kufeli, anadaiwa. Aliyeacha anadaiwa. Sisemi umefanya vibaya kumsaidia mama, mtoto wa kwanza anayemkumbuka mama yake mimi siwezi kumsema vibaya. Nasema tu kwamba wewe na mama mmekuwa mnakopa wawili na anayejua kwamba ni mkopo ni mmoja, tena nusu nusu.

Na hapo ndo naanza kujiuliza kuhusu mama. Wewe unamwona kama mtu ambaye ukimwambia ukweli ataanguka. Sawa, unamjua kuliko mimi. Ila niambie, huyu mama aliyeachwa na watoto wanne, anayeinama kwenye maji ya mpunga kutwa nzima, aliyekopa milioni akakodi shamba na shamba likamgomea na bado anaamka, kweli ni mtu wa kuvunjwa na habari ya mitihani mitatu? Mimi nadhani kuna uwezekano kwamba kinachokutisha zaidi ni ile furaha yake ya bumu la kwanza, alipolia kwenye simu, hutaki kuwa mtu aliyeichukua. Hilo naelewa kabisa. Lakini angalia alichoamua bila kujua. Alipokopa kikoba alipiga hesabu kwa namba uliyomwonesha wewe, kwamba 350,000 ipo kila bumu na mtoto hana shida. Angejua unakula elfu nne kwa siku unadhani angechukua ule mkopo? Mwulize siku moja, sio kumlaumu, mwulize tu.

Sasa tuje kwenye njia ulizonazo, maana ziko zaidi ya mbili.

Kunyamaza na kupambana mpaka Septemba. Hii inawezekana, watu wamefanya, na uzuri wake ni kwamba ukifaulu zote tatu hakuna atakayejua. Hatari yake ni ratiba yako. Fildi mchana, kibanda mpaka saa nne, halafu ufungue takwimu saa tano usiku? Ukinyamaza maana yake na kibanda hukiachi, kwa sababu hela ya kutuma lazima ipatikane, na kibanda ndo kilichokuletea sapu. Kwa hiyo kabla hujachagua kunyamaza jiulize, kati ya sasa na wiki ya tatu ya Septemba masaa ya kusoma yatatoka wapi, yaandike kwenye karatasi siku kwa siku. Kama karatasi inakubali, sawa. Kama haikubali basi karatasi imeshakujibu hata mimi sina haja ya kusema.

Kuahirisha mwaka. Rafiki yako anakupenda lakini nadhani amechanganya mambo mawili. Kuahirisha mwaka wa tatu ni jambo moja, sapu za mwaka wa pili ni jambo lingine, na usidhani ukiahirisha mwaka ndo sapu zimefutika. Kila chuo kina kanuni zake za mitihani, nyingine zinakuruhusu kuahirisha mtihani wenyewe ukiwa na sababu inayokubalika kama ugonjwa, nyingine zinakwambia ukifeli sapu unalibeba somo hilo kama kerio mwaka unaofuata, nyingine unarudia mwaka. Hiyo uliyosema "nimeambiwa", nani kakwambia? Kama ni wenzako wa geto, nakuomba ukatafute kanuni zenyewe uzisome kwa macho yako. Nimeona wanafunzi wakikaa na hofu miezi kwa sheria ambayo kumbe ni ya chuo kingine.

Na kuahirisha kwenyewe kuna taratibu. Unaandika barua, chuo kinakubali kwa maandishi, Bodi inajulishwa, na kipindi uko nje hakuna bumu. Ukirudi chuo kinathibitisha kwamba umerudi ndo malipo yaanze tena. Ukipotea tu bila barua unaweza kuhesabiwa mtu aliyeacha masomo, na kulirekebisha hilo ni kazi kubwa kuliko sapu tatu. Halafu angalia upande wa nyumbani, bumu likisimama ile 350,000 nayo imesimama, kwa hiyo sababu ya kumficha mama haipo tena, utalazimika kumwambia kwa vyovyote, tena baadaye na kwa habari nzito zaidi. Kuna watu kuahirisha kumewaokoa kabisa, hasa waliokuwa wagonjwa au wamefiwa, na kama wewe mwili umefika mwisho basi sio aibu. Ila kukaa nje mwaka mzima Dar ukitafuta hela, ukiwa na uzoefu wa kibanda, hapo nakuomba upige hesabu tena kama zile za mwanzo, utaweka shilingi ngapi kweli baada ya kodi na kula?

Kuhusu kurudia mwaka, sharti la mwanafunzi anayeendelea ni kufaulu mitihani inayompeleka mwaka unaofuata, na matokeo chuo ndo kinayapeleka Bodi. Kwa hiyo hofu yako hapo ina msingi. Lakini mwanangu hujafeli bado. Una sapu. Sapu ni nafasi, na ndani ya nafasi hiyo kuna watu ambao hujawagusa kabisa kwenye barua yako. Chuo chako kina mshauri wa wanafunzi, kina dawati la mikopo, kina wahadhiri wa hayo masomo matatu. Hakuna hata mmoja uliyemtaja. Mshauri wa wanafunzi kazi yake ni hii hii, amekaa pale kusikiliza wanaolala njaa, na wewe unaweza kwenda hata kesho ukitoka fildi mapema. Dawati la mikopo waulize swali moja lililonyooka, nikifeli moja inakuwaje, nikifeli mbili inakuwaje, tatu inakuwaje, na uandike majibu mbele yao. Mhadhiri wa takwimu mwulize mada zipi zilikuangusha, maana kuna tofauti kati ya mtu asiyeelewa na mtu aliyekosa alama za kosiweki, zile kazi za darasani, kwa sababu hakuwepo darasani.

Halafu ipo njia ya katikati ambayo wewe umeiruka, kwamba kati ya kutuma 350,000 na kutotuma kabisa kuna namba nyingi. Laki moja. Elfu themanini. Kukosa moja ukatuma nyingine. Na kikoba ni watu, wanakaa kikao kila wiki, mwanachama akisema nimekwama naomba nilipe kidogo kidogo mpaka mavuno huwa wanajadili, wengine wanakubali na riba wengine bila, wachache wanakuja kubeba vitu. Ila anayeweza kusimama kwenye kikao hicho ni mama, na hawezi kuomba muda wa deni ambalo kwa anavyojua yeye linalipika vizuri tu. Unaona inavyorudi palepale? Sikulazimishi umwambie. Naona tu kwamba karibu kila mlango kwenye barua yako ufunguo anao mama, na wewe unamlinda asiushike.

Hatari ya kumwambia ipo, sitaki nikudanganye. Anaweza kukasirika kwa ule uongo zaidi kuliko sapu, hasa kwa sababu alishasimulia kanisani. Anaweza kulia. Anaweza kujilaumu, na hilo huenda ndo litakuuma kuliko yote. Anaweza pia kusema basi acha chuo urudi, na inabidi uwe umejiandaa kumjibu. Ukiona uzito wa kumwambia peke yako, kuna mtu mzima ambaye mama anamsikiliza? Mama mkubwa, bibi, mzee wa kanisa? Sio wa kumpelekea habari nyuma yako, wa kukaa karibu naye siku hiyo. Simtaji baba mdogo, sababu nakuja nazo.

Fomu ya mdogo wako. Hapa nitaongea kwa uzito kidogo unisamehe.

Umeniandikia mwenyewe kwamba orodha za kwanza hukuwemo, ukakata rufaa ukiwa umeongeza barua ya waliokulipia sekondari, ukapata. Sasa tazama hiyo habari vizuri. Baba yako hakufa kati ya fomu ya kwanza na rufaa. Alikuwa hai mara zote mbili, na mara ya pili ulipata. Kilichobadilika ni ile barua. Kwa nini nyumbani kwenu somo lililobaki ni kwamba ukweli ulikukosesha, wakati ukweli huo huo ukiwa na karatasi ndo ulikupatia? Nadhani ni kwa sababu ile miezi ya kusubiri iliwauma sana na mtu akiumia anatafuta wa kumlaumu, na baba kwa haki kabisa ni mtu rahisi kulaumiwa. Kuandika amekufa kuna kitu kinapoza moyo pia, hilo nalielewa. Aliwafia kwa namna nyingine.

Lakini cheti cha kifo ambacho mtu "atakipata" kinakwenda wapi? Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vinavyoambatanishwa kwenye maombi vinahakikiwa kwanza RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, na cheti ambacho hakipo kwenye kumbukumbu zao hakihakikiki. Kugushi cheti ni kosa la jinai, na mwombaji akibainika kadanganya anaweza kupoteza mkopo na kushtakiwa juu. Anayeshtakiwa kwanza ni nani? Jina ni la mdogo wako, aliyejaza onlaini ni wewe kwa mkono wako. Baba mdogo atakuwa mdhamini, ataweka jina na picha yake, sijui kama amelifikiria hilo. Na hata kama ikipita, na mimi sisemi itapita, huyo kijana anaanza maisha yake kwenye mafaili ya serikali akiwa yatima wa mtu anayetembea. Siku baba akifa kweli mtaandika nini?

Kuna jambo lingine dogo limenikaa. Umesema unamjazia kwa sababu yuko JKT hana simu. Fomu ikishajazwa inachapishwa, inasainiwa na mwombaji na mdhamini, inakwenda serikali ya mtaa au kijiji, inakwenda kwa wakili au hakimu, ndo kurasa zinapandishwa tena kwenye mfumo. Sahihi ya mwombaji ni yake. Kwa hiyo lazima atafutwe kwa vyovyote, kambini kuna utaratibu wa vijana kushughulikia mambo ya vyuo na mikopo, ulizeni mapema maana mwezi wa nane unakimbia. Na akipatikana, aulizwe. Ni mtu mzima yule. Umebeba uamuzi wake kama unavyobeba kila kitu, mpaka umefikia kuniuliza utaishi vipi akikosa, kama vile wewe ndo Bodi. Huenda yeye mwenyewe hataki kusema baba kafa. Au anataka, na hapo mtaongea kaka na dada, lakini atakuwa amesema yeye.

Upande wa kuandika ukweli nao una hatari yake, anaweza kukosa au kupata kidogo, sina wa kukuhakikishia. Ila angalieni mna nini mkononi. Yeye sekondari alilipiwa na nani? Kama ni wale wale waliokusaidia wewe, barua yao iwekwe mapema, sio isubiri rufaa. Kama mama aliwahi kuingia kwenye kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF, namba hiyo inahitajika kwenye fomu. Kuhusu baba aliyeondoka, dawati la mikopo hapo chuoni kwako waulize hali kama hiyo inajazwaje na inathibitishwaje, na mwenyekiti wa kijiji anayejua kwamba huyo baba hajaonekana miaka yote hiyo ni mtu wa kuongea naye, na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya pia. Ada ya maombi ni 30,000, iwekeni pembeni leo isije ikaliwa. Na akikosa orodha za mwanzo, wewe ndo ushahidi unaotembea kwamba rufaa ipo.

Baba mdogo sasa. Utamkatalia vipi mtu mzima ambaye pia unamhitaji kama mdhamini? Unaweza kuanza kwa kumshukuru, kweli, kwa sababu amejitolea kuweka jina lake ambalo baba hajawahi kuliweka. Halafu umwambie ba'mdogo naogopa jina lako lisije likaingia matatani kwenye cheti cha RITA. Wakati mwingine mtu mzima anaelewa hatari ikielezwa kwa upande wake. Akisusa, mdhamini sio lazima awe yeye, fikirieni mwingine sasa hivi kabla hamjabanwa na tarehe. Na mama aliyekaa kimya, mimi ule ukimya nausikia kama wa mtu asiyependa jambo ila hana cha kuweka badala yake. Ukimpelekea cha kuweka badala yake, barua, majina, tarehe, huenda akaongea.

Mwanangu, sijui utachagua lipi na sitaki kukuchagulia, mimi ninakaa mezani na barua, wewe ndo unakaa kwenye geto na kibanda na simu ya mama inayoita. Kama utaamua kumpigia, usimpigie mchana akiwa shambani amesimama kwenye maji na wenzake wanasikia. Ngoja jioni akishakula. Na unaweza kuanza na lile lililo dogo, mama nilikudanganya kuhusu matokeo na limenikaa kifuani, halafu nyamaza, mwache aulize. Za laki tatu na nusu zitakuja zenyewe kwenye maswali yake.

Ukishaongea naye, au hata ukiamua kutoongea, niandikie tena. Na leo kabla hujaenda kibandani kula kwanza, kula ushibe.

Anti